Ndugu yako yuko rumande: kazi ya familia kabla ya kesi kusikilizwa

Mtu akikamatwa, familia nzima huuliza swali moja: tumtoeje? Ni swali halali na tutalifikia. Lakini katika kesi nyingi za jinai jibu lake liko kwa hakimu, na huenda lisipatikane wiki hii wala mwezi huu. Kilicho mikononi mwenu ni kingine: kuhakikisha mtu wenu anapanda kizimbani akiwa mzima wa mwili na akili, ana wakili anayeijua kesi yake, na hakuna neno lililotoka kwenu ambalo limegeuka ushahidi dhidi yake. Hilo la mwisho huharibika kuliko yote, na wanaoliharibu huwa ni wale wanaompenda.

Anza kwa kuelewa hali yake. Mahabusu hajahukumiwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unasema katika ibara ya 9 kwamba kumweka mtu kizuizini akisubiri kesi kusiwe ndiyo kanuni ya jumla, na ibara ya 14 inamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zina sehemu nzima ya mahabusu, kuanzia kanuni ya 111 hadi ya 120: watengwe na wafungwa waliohukumiwa, waruhusiwe kuvaa nguo zao kama ni safi na zinafaa, wapewe nafasi ya kufanya kazi lakini wasilazimishwe, wapate vitabu na vifaa vya kuandikia kwa gharama zao au za watu wao. Kanuni hizi hazigeuki sheria ya gereza kwa kutajwa tu, na kuzitaja kwa ukali getini hakujamsaidia mtu. Mahali pake ni kwenye barua ya heshima kwa mkuu wa gereza, yenye tarehe, ambayo nakala yake inabaki kwako na nyingine inakwenda kwa wakili.

Saa za kwanza

Jua alipo. Watu hupotea kwenye mfumo kwa sababu ndogo sana: jina limekosewa herufi moja, jina la baba limetangulizwa, au alijitaja kwa jina la utani. Ukiuliza, toa jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na mahali na saa alipokamatwa. Ukiambiwa hayupo, omba watafute kwa tahajia nyingine kabla hujaondoka. Ukishampata, andika papo hapo kosa analotuhumiwa kwa maneno yaliyo kwenye karatasi, namba ya jalada la polisi, jina la mpelelezi, na siku na mahakama atakayofikishwa. Akishasomewa mashitaka, namba ya kesi ndiyo itakayotumika kila mahali, kwa karani, kwa wakili na gerezani, kwa hiyo iweke kwenye simu yako na kwenye karatasi.

Ujumbe wa kumfikishia siku hiyo ni mfupi: asijibu maswali yanayohusu kesi bila wakili, na asitie saini maelezo ambayo hajayasoma au hajasomewa kwa lugha anayoielewa. Haki ya kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake imo kwenye ibara ya 14 ileile, na haki ya mkalimani bila malipo mahakamani pia imo humo. Wengi huzungumza kwa kuamini kwamba asiye na kosa hana cha kuficha. Lakini mtu aliyekesha, mwenye njaa na hofu, hukosea saa, hukosea siku, na kosa hilo la kawaida kabisa husomwa miezi baadaye mbele ya hakimu kama uongo.

Kama yuko katika nchi isiyo yake, ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kikonseli wa mwaka 1963 inataka aambiwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Ubalozi hauwezi kumtoa, ila unaweza kumtembelea na kutoa orodha ya mawakili. Aliyeikimbia nchi yake azungumze kwanza na wakili kabla ya kuomba ubalozi huo ujue alipo.

Kisha nunua daftari. Moja tu, la kesi hii peke yake, na liandikwe na mtu mmoja. Kila simu, kila ahadi, kila risiti iingie humo siku ileile. Maandishi yenye manufaa huwa hivi: "Jumanne, saa 4:20 asubuhi. Nimepiga zahanati ya gereza. Amepokea muuguzi wa zamu, hakutaja jina. Nimemweleza kuhusu insulini, mara mbili kwa siku. Amesema ataangalia faili na kunipigia kabla ya saa 8 mchana. Hakupiga. Saa 8:35 nimepiga tena, amepokea mwanamume, akasema muuguzi ametoka." Ukurasa kama huo wakili anaweza kuupeleka mbele ya hakimu. "Nilipiga mara nyingi, hawakunijali" hakumsaidii kitu.

Maneno yanayogeuka ushahidi

Katika magereza mengi duniani simu za mahabusu hurekodiwa, barua husomwa, na mazungumzo ya chumba cha wageni husikika. Mara nyingine kuna tangazo mwanzoni mwa simu, mara nyingine kibandiko ukutani, na baada ya wiki mbili kila mtu ameshasahau. Waendesha mashitaka hawasahau. Huomba rekodi hizo na kuzisikiliza.

Kwa hiyo kesi haizungumzwi. Usimuulize alifanya au hakufanya, alikuwa wapi, nani alikuwepo, simu yake iko wapi, zile nguo ziko wapi. Usimsimulie ulichosikia kwa majirani. Msizungumze kwa mafumbo wala kwa lugha mnayodhani wao hawaijui, kwa sababu mkalimani hupatikana, na fumbo likifumbuliwa mahakamani husikika baya kuliko neno la wazi. Hatari zaidi ni sentensi inayosemwa kwa uchungu tu: "Mwambie fulani aache hayo maneno yake." Kwako ni malalamiko. Kwenye karatasi ni kuingilia shahidi, kosa linalojitegemea, na sababu tosha ya kunyimwa au kufutiwa dhamana. Wapo wanaoingia rumande kwa shitaka dogo kisha wakaongezewa kubwa lililozaliwa kwenye simu ya dakika kumi.

Akianza yeye kuisimulia kesi, mkatize kwa upole: "Hilo mwambie wakili. Sasa niambie unalala vipi." Mnaweza kukubaliana mapema kwamba ukibadilisha mada ghafla hujamkasirikia, unamlinda. Ajue pia kwamba aliyoyasema kwako hayana kinga kama aliyoyasema kwa wakili wake. Unaweza kuitwa shahidi na kuulizwa chini ya kiapo. Nchi nyingi zina kinga ya aina fulani kwa mume na mke, lakini mipaka yake inatofautiana sana, kwa hiyo msiitegemee kabla wakili hajawaeleza.

Onyo hilo linahusu pia alio nao seli moja. Mtu anayekabiliwa na kesi yake mwenyewe ana sababu ya kuuza alichokisikia, na akiwa ameiona hati ya mashitaka ya mwenzake anaweza kutunga "maungamo" yenye majina na tarehe sahihi. Nyaraka za kesi zisizagae. Abaki nazo chache anazohitaji kusoma, na nyingine zikae kwa wakili.

Mitandao ya kijamii ni ngumu zaidi kwa sababu ndugu ni wengi na kila mmoja ana simu. Aandikiwe kila mmoja ujumbe mmoja wenye maneno yaleyale: hakuna kuchapisha picha, kumtetea, kumtukana mlalamikaji, wala kujibu maoni ya watu. Msifute kilichopo tayari kabla ya kumuuliza wakili. Kufuta kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuharibu ushahidi, na mara nyingi nakala huwa imeshachukuliwa.

Ushahidi hauvumilii, mashahidi hawaguswi

Baadhi ya mambo ambayo yangemsaidia hupotea haraka. Kamera za ulinzi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache, risiti za mashine hufifia, majeraha hupona. Kazi yenu ni kumpa wakili orodha mapema: duka gani lina kamera inayotazama barabara, basi gani alipanda, nani alimwona na saa ngapi, namba ya simu ya kila mmoja wao. Wakili aandike barua rasmi ya kuomba picha zihifadhiwe. Kama ana majeraha, aombe daktari ayaone na kuyaandika siku hiyohiyo.

Shahidi anayejitokeza mchukulieni jina na namba, mshukuruni, muishie hapo. Msimhoji, msimwandikie maelezo, msimkumbushe saa. Shahidi mkweli aliyekaa na familia ya mshitakiwa akipanga maneno hupoteza thamani yake akiulizwa swali moja tu: "Uliongea na nani kabla ya kuja hapa?" Kwa mlalamikaji na watu wake msikaribie kabisa, hata kuomba msamaha, hata kupitia kwa wazee, mpaka wakili aseme njia hiyo ipo kisheria.

Wakili

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: amewahi kuendesha kesi za kosa hili, nani hasa atasimama mahakamani siku ya kusikilizwa, na ada inafika wapi. Hili la tatu ndilo lenye migogoro. Ada ya kuomba dhamana, ya kuendesha kesi na ya rufaa mara nyingi ni tatu tofauti, na familia hugundua hivyo fedha zikiwa zimekwisha. Makubaliano yaandikwe, kila malipo yawe na risiti. Anayeahidi matokeo, au anayedai "anamjua hakimu", mwacheni. Fedha ya kumwona mtu ni rushwa, na aliyeitoa anaweza kujikuta rumande pia.

Msidharau wakili anayetolewa na serikali au na shirika la msaada wa kisheria. Wengi wao wako mahakamani kila siku na wanazijua kesi za jinai kuliko wakili wa gharama aliyezoea mikataba na ardhi. Wanachokosa ni muda. Basi mpeni kazi iliyokwisha kupangwa: ukurasa mmoja wenye mtiririko wa matukio kwa tarehe, mmoja wa mashahidi, mmoja wa afya yake na dawa, na maswali matatu yenye namba. Msemaji wa familia awe mmoja. Ndugu watano wakipiga simu tano, wakili anaacha kupokea.

Kuna jambo linaloumiza familia inayolipa: mteja ni yeye aliye ndani. Wakili halazimiki kuwaambia alichoambiwa, na akikataa anafanya kazi yake sawasawa. Msilazimishe. Siri hiyo ndiyo inayomwezesha mtu wenu kusema kweli angalau kwa mtu mmoja.

Dhamana

Kwa jumla mahakama hujiuliza: akitoka atarudi? Atawasumbua mashahidi? Atatenda kosa jingine? Je, yeye mwenyewe au umma utakuwa salama? Baadhi ya makosa sheria za nchi huyazuilia dhamana kabisa, na hapo nguvu zielekezwe kwingine. Kama inawezekana, tabia njema kwa maneno matupu haina uzito. Yenye uzito ni karatasi. Uthibitisho wa anapoishi, barua ya mwajiri inayosema nafasi yake ipo na tangu lini ameajiriwa, vyeti vya watoto au wazazi wanaomtegemea, ripoti ya daktari, anwani ya mahali pengine pa kuishi kama nyumbani kwake ni karibu na shahidi. Hili la mwisho husahaulika, nalo hujibu hofu halisi ya upande wa mashitaka.

Mdhamini achaguliwe kwa utulivu. Awe na kitambulisho halali, makazi yanayojulikana na mali anayoweza kuithibitisha kwa kiasi kilichotajwa, na aelewe kwamba mshitakiwa akitoroka yeye ndiye atakayelipa. Kumbembeleza mjomba asaini bila kumweleza hilo ni kumdhulumu. Wadhamini hukataliwa kwa mambo madogo: jina kwenye hati ya mali halilingani na la kitambulisho, hati ni ya urithi usiogawanywa, barua haina muhuri. Nyaraka zikaguliwe na wakili siku moja kabla.

Fedha taslimu zikiwekwa mahakamani, jina la aliyeziweka liandikwe sawasawa na risiti itunzwe kwa miaka, maana kwa kawaida hurudishwa kesi ikiisha kama masharti hayakuvunjwa. Nchini Marekani, ambako majimbo mengi yana kampuni za kudhamini kwa malipo, ada ya kampuni, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya kiasi cha dhamana, hairudi hata akiachiwa huru. Na akipiga mtu akijitambulisha kuwa ofisa, akitaka utume fedha sasa hivi kwa simu ili ndugu yako atoke jioni, huyo ni tapeli. Kata simu, piga mahakamani kwa namba uliyonayo kwenye daftari.

Ombi likikataliwa, andika sababu kama hakimu alivyoisema. Kwa kawaida mnaweza kuomba tena hali ikibadilika, au kwenda mahakama ya juu, na maombi mapya yanayojibu sababu ileile hasa yana nafasi kuliko yanayorudia ya kwanza.

Afya

Hapa msisubiri. Siku ya kwanza gereza lipate karatasi yenye jina la kila dawa, kipimo, saa za kumeza, jina la daktari na lini alizitumia mara ya mwisho. Vidonge mlivyobeba kutoka nyumbani mara nyingi havitapokelewa, kwa sababu hawawezi kujua kilichomo; barua ya daktari pamoja na cheti cha dawa hupokelewa. Kisukari cha insulini, kifafa, pumu, presha, dawa za VVU, za kifua kikuu na za akili haziwezi kusubiri utaratibu. Kanuni ya 30 ya Mandela inataka apimwe mapema iwezekanavyo baada ya kupokelewa, na ya 118 inampa mahabusu nafasi ya kuonwa na daktari wake mwenyewe, kukiwa na sababu ya msingi na akiweza kulipia.

Kama alikuwa mnywaji wa kila siku, semeni, hata kama ni aibu. Mwili uliozoea pombe ukikatiziwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya saa 6 hadi 48 tangu kinywaji cha mwisho, na kati ya saa 48 na 96 huweza kuja kuchanganyikiwa kukali, homa, kutetemeka na kuona visivyokuwepo. Watu hufa kwa hali hiyo huku walinzi wakidhani ni ukaidi au kichaa. Hatari hiyo ipo pia kwa aliyezoea dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi.

Jambo jingine linalofichwa ni kujiua. Hatari huwa kubwa zaidi siku za mwanzo, na hupanda tena baada ya habari mbaya: dhamana kukataliwa, kesi kuahirishwa kwa mara nyingine, mke kuondoka. Sikiliza akianza kugawa vitu vyake, akisema mtakuwa na nafuu bila yeye, akikataa wageni aliokuwa akiwasubiri, au akitulia ghafla baada ya siku nyingi za kilio. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Kisha piga gerezani saa hiyohiyo, sema kwa maneno hayohayo "nina hofu atajiua", eleza alichosema, omba aonwe na mhudumu wa afya na awekwe chini ya uangalizi, chukua jina la aliyepokea na saa, na mjulishe wakili. Usizunguke kwa kusema "hayuko sawa". Kauli hiyo wanaisikia kutwa nzima.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili, hasa kikiambatana na jasho la usiku au kukonda, aombewe kipimo cha kifua kikuu. Seli zilizojaa hueneza ugonjwa huo.

Kumtembelea

Piga simu kabla ya kusafiri, kila mara. Mahabusu huhamishwa bila taarifa, siku za wageni hubadilika, na huenda siku hiyo amepelekwa mahakamani. Beba kitambulisho halisi, acha simu, usivae rangi zinazofanana na sare za wafungwa wala za askari. Sidiria yenye waya inaweza kuliza mashine ya ukaguzi. Usibebe kitu cha mtu mwingine, hata barua, hata kwa mama aliyekuomba kwa machozi pale kwenye foleni. Mwenye kesi yake au hati ya kukamatwa asije. Wengine hukamatiwa mapokezi.

Muda ni mfupi, na mapenzi huumaliza kwa kilio. Ingia na mambo matatu kichwani: afya yake, tarehe ya mahakama, jambo moja la nyumbani linalohitaji uamuzi wake. Yaishe kwanza. Kisha mpe habari ndogondogo za nyumbani, maana ndizo anazorudi nazo seli.

Watoto waambiwe ukweli unaolingana na umri wao: baba yuko mahali ambapo watu hukaa wakisubiri hakimu aamue, hajaenda huko kwa kosa lako, hatujui atatoka lini. Uongo wa safari ya kikazi hudumu mpaka mtoto mwenzake amwambie shuleni. Kabla ya ziara ya kwanza mweleze mtoto kuhusu ukaguzi, kioo au wavu, na kwamba huenda asiweze kumgusa. Akikataa kwenda, asilazimishwe, achore picha.

Barua zipewe namba. Hufika kwa kupishana, nyingine hukaa kwa mkaguzi wiki nzima, na mtu aliyepata barua ya pili kabla ya kwanza hudhani mambo mabaya. Ukiandika "Namba 7" juu ya karatasi, atajua kwamba ya 6 iko njiani au imezuiwa. Tumia karatasi ya kawaida, bila manukato, vibandiko wala pambo. Kabla ya kutuma vitabu uliza utaratibu, kwani baadhi ya magereza hupokea vipya tu, vyenye jalada laini, kutoka kwa muuzaji moja kwa moja.

Fedha mtumieni kidogo na kwa utaratibu, kupitia njia rasmi tu. Kiasi kikubwa kwa mkupuo humtia machoni mwa wenye nguvu ndani. Akikuomba utume kwa akaunti ya mahabusu mwingine au kwa ndugu wa mahabusu mwingine, kuna deni au vitisho. Mweleze wakili badala ya kutuma kimyakimya, kwa sababu malipo ya kwanza huzaa ya pili. Na pigeni hesabu ya kesi ndefu. Familia inayomaliza akiba mwezi wa kwanza hukosa nauli ya shahidi mwezi wa tisa.

Mambo yake ya nje yanahitaji mtu mwenye mamlaka: kodi ya nyumba, mkopo, mshahara, shule. Hati ya uwakili iliyoshuhudiwa na kamishna wa viapo au mthibitishaji inaweza kusainiwa gerezani kwa miadi. Iwe na mipaka iliyotajwa, kwa mfano kulipa kodi na kupokea mshahara tu. Ndugu wameuziana viwanja kwa hati zilizoandikwa "mambo yangu yote".

Mahakamani

Ulizeni karani kama tarehe ni ya kutajwa au ya kusikilizwa. Ya kutajwa humalizika kwa dakika chache, na hakuna shahidi atakayeitwa. Msitumie fedha kuwaleta. Hata hivyo mmoja wenu awepo. Mshitakiwa mwenye watu wake nyuma ya chumba huonekana ana mahali pa kurudi, na ninyi mnasikia kwa masikio yenu sababu ya kuahirishwa. Iandikeni kila mara: upelelezi haujakamilika, shahidi hakufika, jalada halijaletwa. Orodha hiyo ndiyo wakili atakayoisoma siku atakapodai haki ya kesi kusikilizwa bila kucheleweshwa kupita kiasi.

Atakayetoa ushahidi asikae ndani ya chumba mashahidi wengine wakisikilizwa. Mke aliyekuwa naye nyumbani usiku ule, aliyefika kila siku na kusikiliza kila neno, anaweza kuzuiwa kutoa ushahidi au ushahidi wake ukapuuzwa. Amueni mapema na wakili nani abaki nje, na aliye nje asisimuliwe jioni yaliyosemwa.

Nguo za siku ya kesi zipelekwe kwa utaratibu wa gereza, siku kadhaa kabla, na ziwe ndogo kuliko alizozoea, kwa kuwa wengi hukonda. Nchini Marekani Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1976, katika kesi ya Estelle dhidi ya Williams, kwamba mshitakiwa asilazimishwe kusimama mbele ya wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua kama ana hatia, akiwa kwenye sare ya jela. Ndani ya chumba zimeni simu, msitikise vichwa, msimwite. Kwenye korido kaeni mbali na upande wa pili.

Siku moja huenda akaletewa pendekezo la kukiri kosa apunguziwe adhabu. Aliyechoka na rumande anaweza kukubali chochote kinachomrudisha nyumbani, na familia iliyochoka humsukuma. Uamuzi huo ni wake peke yake. Mnachoweza kufanya ni kuhakikisha amepata majibu ya wakili kabla ya kusaini: siku alizokaa zitahesabiwa? Rekodi ya hatia itamfungia kazi gani, leseni gani, ukaazi gani? Akikiri, anaweza bado kukata rufaa? Aombe muda wa kufikiri hata kama ni usiku mmoja.

Akiachiwa, huenda akarudishwa kwanza gerezani kukamilisha karatasi na kutoka usiku. Mtu awe getini na nauli, simu yenye chaji, nguo na dawa za siku chache, pamoja na risiti ya mali zake zilizochukuliwa alipokamatwa. Masharti ya dhamana, kama yapo, asomewe kabla hajapanda gari, hasa watu asiotakiwa kukutana nao, kwa sababu huenda mmoja wao anamsubiri nyumbani kwenye sherehe. Akitiwa hatiani, msitoke mahakamani kabla ya kumuuliza wakili mambo mawili: muda wa kukata rufaa ni siku ngapi na umeanza kuhesabiwa lini, na nani anaomba nakala ya hukumu leo.